Mjadala: Je, ni kweli kwamba ugasumaku ndio unaoilinda angahewa ya sayari?

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba Mirihi ilipoteza sehemu kubwa ya angahewa yake kwa sababu ugasumaku wake, yaani eneo la nguvu ya sumaku linaloizunguka sayari, ulizimika yapata miaka bilioni 4 iliyopita, na kwamba Dunia imesalimika kwa sababu wake ungali hai. Kwa msingi huo, mwaka 2017 James Green, aliyekuwa akiongoza sayansi ya sayari katika NASA, shirika la anga la Marekani, alipendekeza pamoja na wenzake kwamba sumaku bandia yenye nguvu ya tesla 1 au 2 (tesla ni kizio cha nguvu ya sumaku) iwekwe kati ya Jua na Mirihi, ikinge upepo wa jua, yaani mkondo wa chembe zenye chaji zinazotoka kwenye Jua, na kuiacha angahewa ijijenge upya. Mimi napinga pendekezo hilo, na zaidi ya hapo napinga wazo linalolibeba.

Zuhura inatosha kulitia shaka. Haina ugasumaku wake yenyewe na iko karibu zaidi na Jua kuliko Dunia, lakini shinikizo la hewa ardhini kwake linazidi la kwetu kwa takribani mara 90. Hasara imepata, na kubwa: chombo Venus Express, kilichoizunguka kuanzia 2006 hadi 2014, kilipima ioni (atomu zenye chaji ya umeme) za haidrojeni na za oksijeni zikitoroka kwa uwiano unaokaribia mbili kwa moja, yaani uwiano ule ule wa maji. Hata hivyo kabonidioksidi yake, ambayo ni nzito, imebaki.

Tazameni jinsi ioni moja inavyotoroka Mirihi. Mwanga wa urujuanimno huing'oa elektroni kutoka kwenye atomu ya oksijeni iliyo juu kabisa ya angahewa. Tangu hapo atomu hiyo ina chaji, na upepo wa jua, unaopita kwa kasi ya kilomita 400 hivi kwa sekunde huku umebeba sumaku ya Jua, huikamata na kuizungusha katika njia ya duara ambayo nusu kipenyo chake chaweza kufika kilomita 20,000, ilhali cha Mirihi yenyewe hakifiki 3,400. Ioni nyingine hutupwa angani moja kwa moja. Nyingine hurudi kwa kishindo, zikagonga atomu zilizotulia na kuzirusha nje.

Duniani mambo ni tofauti, ila si kwa namna tunayoambiwa. Ugasumaku wetu huuzuia upepo wa jua umbali wa kilomita 60,000 hivi upande wa mchana, kwa hiyo hukinga eneo kubwa mno, na sehemu ya nishati unayoipokea huko huielekeza kwenye ncha mbili za Dunia, mahali ambapo mistari ya sumaku imefunguka kuelekea angani. Hapo ioni hupashwa joto na kupanda. Roketi ya Endurance, iliyorushwa mwaka 2022 kutoka Svalbard, visiwa vilivyo karibu na Ncha ya Kaskazini, ilipima huko tofauti ya umeme ya volti 0.55, ambayo ni ndogo lakini yatosha kuzinyanyua ioni za haidrojeni hadi zikaondoka. Makadirio ya ioni zinazoondoka Dunia, Zuhura na Mirihi leo hayapishani sana, jambo ambalo lisingewezekana kama ugasumaku ungekuwa kinga kamili.

Sisemi kwamba upepo wa jua haukuidhuru Mirihi. Vipimo vya MAVEN, chombo kilichotumwa na NASA kuizunguka Mirihi, vimeonyesha kuwa karibu theluthi mbili ya gesi yake ya argoni imepotea, na argoni haiungani na miamba, hivyo njia yake ilikuwa angani tu. Lakini urujuanimno na upepo wa Jua changa vilikuwa vikali kuliko vya leo, na kutoroka Mirihi kwahitaji kasi ya kilomita 5 kwa sekunde, wakati Dunia yadai 11.2. Udhaifu huo wa mvutano hautibiki kwa sumaku.

Sasa tupige hesabu. Mwaka 2015 MAVEN ilikadiria kwamba upepo wa jua huondoa gramu 100 hivi kila sekunde. Tukiuzuia wote kwa miaka milioni 1, tutakuwa tumeokoa takribani sehemu moja kati ya 8,000 ya angahewa iliyopo Mirihi leo, ambayo nayo ni nyembamba kupita kiasi. Hata tukizidisha hasara mara kumi, jibu halibadiliki kwa maana yoyote.

Hoja nzito ya upande wa pili naijua: kwamba ioni nyingi zinazopanda kutoka ncha za Dunia hunaswa kwenye mkia wa sumaku, yaani sehemu ya ugasumaku inayoburutwa nyuma ya Dunia upande wa usiku, na kurejeshwa. Basi wanaoitetea ngao watuonyeshe ni sehemu gani hurejea, na kama sehemu hiyo inabaki ile ile wakati wa dhoruba za Jua, ambapo ndipo ioni nyingi zaidi za oksijeni hupanda.