Naomba ushauri: wapi nimtembeze mbwa kwa usalama huku Goba, Madale na Mbezi Beach?

Mchanga wa Goba (mleta uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Nina mbwa dume, chotara wa German Shepherd, miezi 14, anakaribia kilo 32. Uwanja wangu ni mdogo. Anachimba, anabweka usiku kucha, mlango wa banda ameshautafuna nusu. Nimeambiwa shida ni kukosa mazoezi. Naomba mnitajie sehemu ya wazi, salama, isiyo na watu wengi, inayofaa kuanzia saa 4 usiku. Hata pagale au kiwanja kisichojengwa ni sawa, usafiri upo. Majibu ya haraka tafadhali.

Kupe Mkavu
Pagale lifute. Mle kuna mbao za fomu zenye misumari, chokaa, shimo la choo lililofunikwa na kipande cha bati, na nyoka kwenye rundo la matofali. Mbwa akichomwa na msumari, kidonda hufunga juu usaha ukabaki chini, unakuja kumwona anachechemea wakati mguu umeshavimba.

Kiwanja cha wazi sawa, ila kikague kwanza wewe mwenyewe bila mbwa, saa ileile unayotaka kumtembeza. Tazama chini kabla ya kutazama mandhari: jalala, mifupa ya kuku, vijiti vya mishikaki, chupa, mbigili. Nyama iliyolala peke yake mahali ambapo hakuna mtu anayekula, hiyo ni ya kutiliwa shaka, watu hutega mbwa koko kwa sumu. Halafu hesabu njia za kutokea. Kiwanja chenye upenyo mmoja tu ni mtego mkikutana na kundi la mbwa.

Mpwa wa Bahari
Mpeleke ufukweni, Mbezi Beach au Kunduchi, maji yakiwa yamekupwa. Mchanga wenye unyevu ni mgumu, anakimbia bila kuumiza viungo. Ule mkavu wa juu unamchosha upesi na mchana unaunguza. Siku za bamvua angalia saa, maji yakijaa yanafika hadi kwenye kuta za watu na mnabaki hamna pa kupita.

Hatari kubwa ya ufukweni si mawimbi, ni vinavyotupwa na maji. Samaki aitwaye bunju, yule anayejivimbisha, akiwa amekufa na kumezwa na mbwa anaweza kumuua siku hiyohiyo, sumu yake haina dawa ya kuiondoa. Kuna yavuyavu, kuna ndoana zenye chambo bado. Beba maji yake baridi, lita moja inatosha, maana akiwa na kiu atakunywa ya bahari, na akinywa mengi ni kutapika na kuharisha. Coco Beach wikiendi usithubutu.

Bin Saidi
Mimi naongelea majirani, maana wanasahaulika. Watu hushauri alfajiri kwa sababu kuna ubaridi. Alfajiri ndiyo saa ya watu kwenda msikitini, na pwani hii wengi wetu ni Mashafii, Waislamu wa madhehebu ya Imamu Shafii. Mbwa akikugusa kwa mate, unaosha mara saba, moja kwa udongo, ndipo uswali. Ukimaliza swala ya alfajiri, wanafunzi nao wameshatoka. Kwa hiyo chagua njia, saa peke yake haitakusaidia. Usipite mbele ya msikiti, madrasa wala shule, hata kama ndiyo njia fupi. Mkikutana na mtu kwenye kichochoro, wewe ndiye unayesogea pembeni, na mbwa akae upande wa ukuta.

Mama Tausi
Mleta uzi, mbwa kachanjwa? Na kwa nini saa 4 usiku?

Mchanga wa Goba
Nashukuru wote. Usiku ni kwa sababu ya joto tu, dada yangu. Chanjo za utotoni alipata nadhani, nilimchukua mkubwa. Hajawahi kutoka getini tangu nimlete, kwa hiyo hajazoea watu, ndiyo maana nataka kusiko na watu. Nimeshanunua ile kamba ya kujivuta ya mita 5.

Kupe Mkavu
Joto lina kipimo. Weka kiganja cha mkono kwa nyuma kwenye lami, hesabu hadi saba. Ukishindwa kuvumilia, na nyayo zake zitaungua. Saa 10 jioni lami ya Dar bado ni moto, saa 12 na nusu huwa imeshapoa, hakuna haja ya kungoja saa 4. Usiku mnene mbwa koko wanatembea makundi, kifutu analala katikati ya njia ya mchanga, na walinzi shirikishi hawakujui.

Hiyo kamba ya kujivuta rudisha dukani. Mbwa wa kilo 32 akichomoka mbio, inaishia mita 5 akiwa na kasi yote, ama kishikio kinakuponyoka ama uzi unakukata vidole. Nunua mkanda bapa wa mita 1.5 hadi 2, wenye ndoano ya chuma ya kuzunguka. Kidole chako gumba kiingie kwenye kitanzi, mkono wa pili ushike katikati.

Mkenya Mtulivu
Huku Nairobi tunaenda Karura, mbwa anaingia akiwa amefungwa kamba. Nyinyi Dar hamna msitu wa aina hiyo karibu?

Mpwa wa Bahari
Kuna Pugu-Kazimzumbwi upande wa Kisarawe, ila ni hifadhi iliyo chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, ulizia kwanza getini kama mbwa anaruhusiwa. Na mleta uzi asije akaona uwazi wa upande wa Lugalo akadhani ni kiwanja. Pale ni jeshini.

Jogoo la Shamba
Mbwa wa kilo 32 chakula chake shilingi ngapi kwa mwezi? Mimi nataka kufuga kuku, naogopa gharama hizihizi.

Mama Tausi
Jogoo fungua uzi wako. Mchanga wa Goba, "nadhani" si kadi ya chanjo. Halafu mtu anayetaka giza, pagale, mbali na kwake, na kwa haraka, hakimbii joto. Kuna nini?

Mchanga wa Goba
Mnapenda mambo. Sawa. Jumanne kulitokea kashida kadogo. Alimparura kijana anayesukuma mkokoteni wa maji, hapo dukani kwa Mangi. Mkwaruzo tu kwenye shavu la mguu, damu kidogo. Nilimpa elfu thelathini na dawa za maumivu, tukaelewana. Sasa majirani wakimwona mbwa wanapiga kelele, mjumbe ameshaulizia. Ndiyo maana nataka afanyie mazoezi mbali mpaka mambo yapoe. Jumatatu nina kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, cha kumpeleka Mkuranga kwa mjomba, kuna shamba kubwa. Swali langu linabaki: hizi siku mbili nimtembezee wapi?

Daktari wa Ng'ombe
Usimtembeze popote. Na Mkuranga haendi.

Mbwa aliyeng'ata mtu anafungiwa na kuangaliwa siku 10 kuanzia siku ya tukio. Sababu ni hii: virusi vya kichaa cha mbwa huingia kwenye mate siku chache tu kabla ya dalili kuonekana, na dalili zikishaanza mbwa hamalizi siku hizo. Akifika siku ya 10 mzima, anakula, anakutambua, maana yake Jumanne mate yake hayakuwa na virusi. Ukimpeleka Mkuranga umepoteza jibu hilo, na kama anao ugonjwa umeupeleka kwa mifugo na watoto wa mjomba.

Mfungie kwenye banda lenye kufuli, bakuli za chakula na maji zisukumwe kwa chini, mtu mmoja tu amhudumie. Unachotazama ni mabadiliko: sauti kukwaruza, taya kulegea, udenda, kushindwa kumeza, kutafuna mawe au mbao, kuyumba miguu ya nyuma, au mkali kuwa mpole ghafla. Ukiona lolote piga simu kwa afisa mifugo wa kata. Kumjulisha unapaswa leo hata kama huoni kitu. Akifa, usimzike wala kumtupa, kipimo kinachukuliwa kwenye ubongo. Na usikimbilie kumchanja sasa ili upate kadi ya kuonyesha watu, homa au uchovu baada ya sindano vitachanganya uchunguzi. Siku ya 10 ikipita salama ndipo achanjwe, kisha kila mwaka.

Kijana ndiye wa kwanza, mbwa wa pili. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, hata leo, kuchelewa si sababu ya kuacha. Hakuna kupaka pilipili, mafuta wala dawa ya meno. Aende kituo cha afya aanze sindano bila kungoja hizo siku 10, hupangwa siku ya 0, ya 3, ya 7 na nyingine kadiri kituo kitakavyoamua, na wamtazame kwa pepopunda pia. Damu ikitoka hatuiti mkwaruzo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, tiba ya kuaminika hakuna.

Mchanga wa Goba
Daktari nakuheshimu, ila unatisha watu. Mbwa anakula vizuri, ananitingishia mkia. Na kirikuu nimeshalipia nusu. Kule shambani si ndiyo atakuwa mbali na watu?

Bin Saidi
Mbali na watu wanaomlalamikia, ndiyo. Mjomba wako umemwambia kwa nini anapokea mgeni?

Jicho la Mwewe
Wakuu mnakunywa chai, yaani stori ya kutunga, bila kuuliza sukari. Juu kule kaandika mbwa hajawahi kutoka getini tangu amlete. Chini kang'ata mtu dukani kwa Mangi. Alifikaje dukani, kwa bodaboda? Mara kaparura, mara damu. Mbwa hana jina, duka halina mtaa, kijana hana hali. Huyu anakusanya komenti tu.

Kaka Mkubwa wa Tegeta
Nami nilishangaa hapo kwenye geti. Lete picha ya ule mlango wa banda uliotafunwa.

Jogoo la Shamba
Chai ya rangi hii, haina hata maziwa.

Mchanga wa Goba
Jina lake Simba, sikujua ni mtihani. "Hajatoka" nilimaanisha sijawahi kumtoa mimi. Jumanne dada alifungua geti kupokea madumu ya maji, Simba akapita katikati ya miguu yake, akamfuata yule kijana na mkokoteni hadi dukani, magurudumu yakipiga kelele. Kijana alipogeuka na kurusha teke ndipo akang'atwa. Haya, aling'atwa. Picha siweki, mjumbe naye yumo humu JamiiForums.

Daktari wa Ng'ombe
Maelezo hayo yanaendana na mbwa anayefukuza kinachokimbia, siyo lazima ugonjwa. Lakini kichaa cha mbwa hakipimwi kwa maelezo. Kama ni chai au siyo, siku 10 zinabaki 10.

Kupe Mkavu
Jicho la Mwewe hana hoja mbaya ila amechelewa, hilo la mkokoteni ndilo linalojibu uzi. Mbwa huyu anachokozwa na magurudumu. Kwa hiyo hata akishatoka kifungoni, sehemu salama kwake si kusiko na watu, ni kusiko na vitu vinavyopita kasi karibu naye. Pembeni ya kijiwe cha bodaboda hapana. Njia ya wauza maji hapana. Barabara ya vumbi yenye nyasi ndefu pande zote hapana, kwa sababu huoni kinachokuja mpaka kimefika.

Tafuta uwanja unaoona mita 50 kila upande, kama viwanja vya mpira asubuhi ya siku ya kazi kabla ya mazoezi ya watu. Kabla ya hapo mzoeshe kifunga mdomo cha aina ya kikapu, kinachomruhusu kuhema kwa mdomo wazi na kunywa maji. Kile cha kitambaa kinachobana mdomo kwenye joto la Dar kitamuua, mbwa anajipoza kwa kuhema. Kizoeshe nyumbani kwanza: unaweka kipande cha nyama ndani, anaingiza pua mwenyewe, hufungi mkanda. Ukifunga kwa nguvu siku ya kwanza atakichukia moja kwa moja.

Siku za mwanzo dakika 15 zinatosha. Mwache anuse, kunusa kunamchosha kuliko unavyodhani. Akitulia, ndipo unatumia kamba ndefu ya mita 10 uwanjani, ikifungwa kwenye mkanda wa kifuani na siyo kola, akisimamishwa ghafla shingo isiumie. Akiona bodaboda kwa mbali, usingoje abweke. Geuka, mpe nyama, ondokeni. Mbwa koko wakija, simama, mbwa wako nyuma yako, inama kama unaokota jiwe. Wengi wataachia hapo.

Mkirudi kagua masikio, makwapa, kati ya vidole na chini ya mkia. Kupe anatolewa kwa kibano karibu kabisa na ngozi, unavuta taratibu. Mafuta ya taa na kiberiti ni kumuunguza mbwa bure.

Mama Tausi
Na madimbwi. Mkojo wa panya ukiingia majini mbwa anapata homa ya mgunda, na wewe unayemwosha unaipata. Lindi 2022 iliua watu. Chanjo yake kwa mbwa ipo, iulizie siku hiyohiyo ya chanjo ya kichaa.

Kwa sasa mazoezi yake yawe bandani. Chakula kifiche ndani ya chupa ya plastiki isiyo na kifuniko aihangaikie, au mfupa mkubwa mbichi, wa kupikwa unavunjika vipande vikali. Usiingize mkono kuchukua chochote.

Mchanga wa Goba
Afisa mifugo anakuja kesho saa 3. Simba nimemfungia, kufuli ninayo mimi. Kijana nimempigia, yuko Kinzudi, anasema mguu umevimba na nauli ya kwenda kituo cha afya hana. Mwenye kirikuu naye anasema advansi hairudi.

Kaka Mkubwa wa Tegeta
Si umeshamlipa? Mwambie aje leo badala ya Jumatatu, abebe kijana.

Jicho la Mwewe
Mbele, siyo nyuma kwenye bodi. Na sabuni upeleke wewe.