Naombeni ushauri: niuze haki zote za filamu yangu au niizungushe mwenyewe?

Kijana wa Kibirizi: Habari zenu wanajamvi. Ninaishi Kigoma Mjini na ninatengeneza filamu kwa mtaji mdogo: kamera ya kuazima, kinasa sauti kimoja, na waigizaji ambao wengi ni wavuvi wa Kibirizi. Filamu yangu ya pili, ya dakika 84, imekamilika. Msambazaji mmoja wa Dar es Salaam ananipa shilingi milioni 5 ili achukue haki zote, na anataka jibu kabla ya Ijumaa. Je, niuze, au niizungushe mwenyewe Mwanga, Ujiji na Kasulu kwa kiingilio cha shilingi 1,000?

Mzee wa Ujiji: Mwanangu, mimi nilikuwa na kibanda umiza, banda la kuonyesha video kwa kiingilio. Filamu za marehemu Kanumba, yule mwigizaji, zilijaza mabenchi hadi watoto wakakalia madebe, na alipofariki Aprili 2012 nilifunga kibanda siku tatu. Lakini nikwambie ukweli unaoniuma: nilinunua diski moja nikaionyesha mwaka mzima, na waliotoa jasho hawakuona senti yangu. Uza, uchukue chako mapema.

Binti Kasulu: Usiuze! Robert Rodriguez wa Marekani alipiga filamu yake ya kwanza ndefu kule Mexico kwa takriban dola 7,000, nyingine akizipata kwa kujitolea kwenye majaribio ya dawa, na filamu hiyo ikamfungulia milango yote.

Mwanasheria Mdogo: Kisa hicho husimuliwa nusu, dada yangu. Studio iliyoinunua ilitumia fedha nyingi kuliko hizo kutengeneza upya sauti na kuiandaa kwa majumba ya sinema. Turudi kwa mleta uzi: fedha zako zilitoka wapi? Mtu asiye na deni hababaishwi na Ijumaa.

Kijana wa Kibirizi: Zilikuwa akiba yangu pamoja na msaada wa familia.

Mwanasheria Mdogo: Familia ipi, na kwa maandishi gani?

Kijana wa Kibirizi: Sawa, nitasema. Nilikopa milioni 4 kwa mkopeshaji binafsi, nikamwachia hati ya nyumba ya mama. Mama hajui. Sikufanya anasa: Juni 2024 nililipa wavuvi 11 na mitumbwi miwili kwa ajili ya picha za usiku za kuvua dagaa, na fedha nyingine ziliishia kwenye uhariri. Mimi ndiye mtoto wake pekee, na nyumba ile hatimaye itakuwa yangu, kwa hiyo sioni kwamba nimeiba.

Mama Mwandiga: Itakuwa yako akishafumba macho. Leo ni yake, na huenda aliijenga tofali kwa tofali. Umenihuzunisha sana.

Mvuvi Mstaafu: Samahanini, mimi uzi huu nautilia shaka. Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane. Huyu alipiga picha za uvuvi gani mwezi Juni? Tusichangie machozi kwa hadithi ya kutunga.

Kijana wa Kibirizi: Mzee wangu, shikamoo. Ziwa lilifungwa, na ndiyo sababu niliwapata. Mitumbwi ilikuwa imelala ufukweni, nyavu zimekunjwa, na watu wazima wenye familia walikubali shilingi 10,000 kwa usiku kwa kuwa hawakuwa na kazi nyingine. Hatukuvua chochote. Tulisimama majini hadi kifuani, tukaishikilia mitumbwi isiyumbe, tukaelekeza taa za betri kwenye maji ili mwanga wake uwapige wavuvi usoni kutoka chini. Dagaa wanaomwagwa kwenye picha walikuwa wakavu, tuliwanunua sokoni tukawaloweka kwenye ndoo tangu mchana, na tulikuwa na ndoo moja tu, kwa hiyo tuliwaokota na kuwamwaga upya mara sita.

Mvuvi Mstaafu: Marahaba. Kwa hao dagaa wa kulowekwa nimekuamini, na naomba radhi.

Mwanasheria Mdogo: Basi nisikilize. Kwa Sheria ya Hakimiliki Na. 7 ya mwaka 1999 huna lazima ya kuuza kila kitu. Unaweza kumpa leseni ya miaka michache, kwa njia mtakazozitaja kwa maandishi, nawe ukabaki na filamu yako. Ukitaka kuizungusha mwenyewe, ipeleke kwanza Bodi ya Filamu ikaguliwe na ipangiwe daraja, kwa kuwa Sheria Na. 4 ya mwaka 1976 hairuhusu kuionyesha hadharani bila hilo. Ukiuza kila kitu kwa milioni 5, ukilipa deni na riba utabaki mikono mitupu, na filamu itakuwa ya mtu mwingine.

Kijana wa Kibirizi: Ushauri ni mzuri, ila laki tano za utangulizi nilishazipokea. Nilidhani hazinifungi.

Mwanasheria Mdogo: Ulisaini?

Kijana wa Kibirizi: Ukurasa mmoja. Sikupewa nakala.

Mwanasheria Mdogo: Mwandikie leo akutumie nakala, na usisaini kingine kabla hujaisoma na mtu anayejua sheria. La mama halisubiri Ijumaa.

Kijana wa Kibirizi: Yupo Katonga anaanika dagaa, hurudi saa 12 jioni. Nitamsubiri mlangoni.