Naomba ushauri: mama ana sukari na hataki kabisa chanjo ya korona

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri maana hapa nyumbani tunaelekea kugombana. Mama ana sukari na presha, umri umeenda, yani ndo kundi lile lile lililopewa kipaumbele ila yeye hataki hata kusikia. Nikigusia tu ananiambia Magufuli alisema chanjo hazifai sasa nyie mnaleta nini, halafu watsapu kuna klipu eti ukichanja baada ya miaka miwili unakufa. Nikamwonyesha Mama Samia akichomwa sindano tarehe 28 Julai 2021, akasema we unajua kwenye lile bomba kulikuwa na nini?

Swali lake moja lakini ni la haki kabisa, kama inafanya kazi mbona waliochanja bado wanaumwa? Nikamwambia hii chanjo ya Janssen kwenye majaribio ilizuia ugonjwa mkali kwa asilimia 85, sio kwamba huambukizwi kabisa, akanyamaza kidogo akaendelea kuchambua mchicha wake.

Dada anataka tumdanganye kuwa tunampeleka kliniki ya sukari, mi nimekataa, ule ni mwili wake. Kuna mwenye mzazi wa hivi akaja kukubali? Aliongea na nani, daktari wake, mchungaji au mtu wa rika lake aliyechanja? Nisaidieni jamani, naogopa kumpoteza.