Wazee wa Kichina California: mbona saa za IHSS (msaada wa nyumbani unaolipwa na serikali) zinatoka chache?

Swali
Wakuu, mzee mhamiaji kutoka China anaonekana wazi hajiwezi, lakini afisa wa kaunti akishatathmini anaambulia saa chache. Wengine hawaombi kabisa. Kosa liko wapi?

Jibu la 1
Mara nyingi liko kwenye swali lenyewe. Ukimuuliza "unaweza kuoga mwenyewe?" atasema naweza. Kukiri mbele ya mgeni ni aibu, tena ni kama kuwashtaki wanawe kwamba hawamtunzi. Afisa anaandika "anaweza", saa za kuogeshwa zimekwenda. Aulizwe jana alivyooga: alishika nini alipoingia bafuni, nani alimsugua mgongo, ilichukua dakika ngapi. Wiki moja kabla ya afisa kufika, andikeni daftarini kila kazi na dakika zake, maana saa huhesabiwa kazi kwa kazi: kupika, kufua, kuvishwa, kusindikizwa hospitali. Kikomo ni saa 283 kwa mwezi.

Jibu la 2
Na lugha je? Kuandika "Kichina" kwenye fomu hakutoshi. Wazee wengi wa Chinatown, mtaa wa Wachina wa San Francisco, ni wa Kikantoni au Kitoisan. Wakiletewa mkalimani wa Kimandarini wataitikia kwa adabu tu, hawajaelewa. Mkalimani wa kaunti ni bure, kwa hiyo mjukuu apumzishwe. Babu gani atataja kujikojolea mbele ya mjukuu?

Jibu la 3
Msisahau fomu SOC 873, ambayo daktari anathibitisha kwamba mzee anahitaji msaada. Irudishwe ndani ya siku 45 tangu kaunti iiombe, ikichelewa ombi linakataliwa. Kwa mwenye kusahau sana, ombeni na fomu SOC 821 ya uangalizi wa usalama, yaani mtu wa kumwangalia asijidhuru.

Kwa wanaokataa mgeni nyumbani: binti au mkwe anaweza kusajiliwa na kulipwa. Mzee akielezwa hivyo, neno "msaada wa serikali" halimchomi tena. Ila lazima mzee awe na Medi-Cal (bima ya afya ya California kwa wenye kipato kidogo); Medicare (bima ya taifa ya wazee) peke yake hailipii kupikiwa na kuogeshwa kwa muda mrefu.

Muulizaji
Asanteni. Na On Lok?

Jibu la 3
Hilo ni shirika la matunzo ya wazee lililoanzia hapo hapo Chinatown mwaka 1971, ndilo mama wa mipango ya PACE (matibabu na matunzo kwa pamoja, ili mzee aendelee kuishi nyumbani). PACE ni ya miaka 55 na kuendelea, kwa anayehitaji matunzo ya kiwango cha nyumba ya wazee. Akijiunga anatumia madaktari wa PACE, na IHSS inasimama. Mwenye daktari wake wa miaka mingi anayeongea Kikantoni aulize kwanza kama yumo kwenye orodha yao.