Nimealikwa kuchoma nyama kwa bosi huku Pretoria, naenda na nini?

Mgosi wa Raskazone
Wakuu, salaam. Niko Pretoria mwaka wa pili, nanyoosha bodi za magari kwenye gereji ya Kaburu mmoja. Tarehe 24 Septemba huku ni Siku ya Urithi, moshi unatoka kila ua. Bosi kanialika kwake kwenye braai, ndiyo kuchoma nyama kwao. Sijawahi kwenda hata moja. Mtu anaenda na nini mkononi, na mambo gani ya kuepuka? Wiki nzima usingizi hauji.

Komredi Kuni
Mkuu, nimekaa Durban miaka sita. Mara nyingi kila mgeni huja na nyama yake na kinywaji chake, beba deli lenye barafu. Koleo usiliguse. Mwenye moto ni mmoja, ukimgeuzia nyama ni kama umemshika mkewe kiuno. Na ule kabla hujatoka kwako: utaambiwa saa saba, kuni zitawashwa saa nane, watu wanapiga soga wakisubiri zigeuke makaa, nyama utaiona saa kumi na moja.

Mangi Mstaafu
Hao wanajua, nyama inataka makaa ya kuni. Harusi ya mdogo wangu Kibosho tulimpa mtu wa mkaa wa gunia kazi ya ndafu. Mbuzi kaletwa ukumbini na majani mdomoni, MC anapiga vigelegele, kisu kinaingia, ndani damu. Tulimla juu juu kama hindi la kuchoma. Mpaka leo wakwe wananikumbusha.

Binti Pangani
Mbona unakosa usingizi kwa mwaliko wa nyama? Watu hukosa usingizi kwa deni. Sema kilichobaki.

Mgosi wa Raskazone
Hakuna kitu dada, ugeni tu. Halafu mimi Muislamu, na wale wana soseji yao ndefu wanaizungusha kama kata ya kubebea ndoo.

Komredi Kuni
Hiyo ni boerewors. Kisheria 90% lazima iwe nyama, ila inaruhusiwa ya ng'ombe, kondoo, mbuzi au nguruwe, hata kuchanganya. Kwa hiyo uliza. Lakini mwambie tu bosi unakula halali, Afrika Kusini hilo halimshangazi mtu, nembo iko mpaka kwenye pakiti za biskuti.

Mgosi wa Raskazone
Sasa hapo ndipo penyewe. Siku ya kwanza kazini waliagiza chakula, nikaona aibu kueleza mengi, nikasema sili nyama. Yaani nyama yoyote. Huu mwezi wa kumi na sita. Mke wa bosi kila Ijumaa ananiletea sahani yangu peke yangu, pap, yaani ugali wao, na chakalaka, mboga zao za pilipili, na uyoga ameukaanga na kitunguu saumu. Jumapili iliyopita niko Fordsburg nakula mishkaki, akaingia fundi wetu wa kupuliza rangi na familia yake. Tukaangaliana. Hakusema kitu. Na yeye kaalikwa.

Binti Pangani
Mishkaki mingapi?

Mgosi wa Raskazone
Kumi na miwili.

Ustadhi wa Mtaa
Ndugu yangu, umeificha dini yako kwa aibu, ukaifunika kwa uongo, na ndani ya miezi hiyo kuna Ramadhani nzima. Uliwaambia umefunga nini, uyoga?

Mgosi wa Raskazone
Ustadhi usinihukumu, nilikuwa najilinda na haramu. Na mpango ninao. Nimeshanunua paja la mbuzi, kilo tatu, liko kwenye friji. Nitasema daktari kaniona damu imepungua, kanishauri nianze nyama kidogo kidogo.

Mangi Mstaafu
Kidogo kidogo kilo tatu.

Jirani wa Sunnyside
Wakuu, hii ni chai, leteni vitumbua. Mtu wa Pretoria akitaka nyama halali anakwenda Laudium, hapo hapo. Fordsburg ni Johannesburg, kilomita 50 na zaidi. Nani anasafiri hivyo kufuata mishkaki? Mleta mada yuko Buguruni anatuzuga.

Mgosi wa Raskazone
Fordsburg yupo binamu yangu, nalala kwake wikiendi.

Jirani wa Sunnyside
Sasa katokea binamu. Kesho tutaletewa mjomba.

Komredi Kuni
Mimi naamini. Mtu wa kutunga angesema mishkaki mitatu.

Mama Kulwa
Chai au si chai, huo uyoga anaweka kitunguu saumu kabla au baada? Wangu unatoa maji kila siku.

Binti Pangani
Mgosi, mtafute fundi wa rangi kabla ya tarehe 24. Huyo ndiye mwenye koleo kwa sasa.

Mgosi wa Raskazone
Nimemtafuta leo asubuhi. Kacheka tu, kaniuliza kama ile achari ya pale Fordsburg niliipenda. Sijui ndiyo kanisitiri au ananiwekea akiba.

Halafu mchana mke wa bosi kanipigia. Kasema kaninunulia wavu mpya wa kuchomea, mdogo, wa kwangu peke yangu, nyama isije ikagusana na mboga zangu. Anauliza uyoga napenda wa aina gani. Nimemwambia wowote.

Mangi Mstaafu
Na lile paja?