Fundi wa rimu Malindi kaniharibia 160J, sasa anasingizia eti ni kwa sababu gari imeshushwa

Wadau, nina hasira na naandika kabla hazijapoa. Datsun 160J yangu iko juu ya mawe hapa Maweni, gurudumu moja la mbele haina, na aliyeifikisha hapo yuko dukani kwake anauzia wengine. Jina la duka silitaji. Mwenyewe akipita humu atajijua.

Nilimwendea na karatasi mkononi: rimu za inchi 15, matundu manne ya nati kwenye duara la milimita 114.3, tairi 195/55, yaani upana milimita 195 na kimo cha ubavu asilimia 55 ya upana huo. Namba hizo nilizipigia hesabu. Tairi nilizokuwa nazo, 165/80 za rimu 13, kimo chake ni milimita 594. 195/55 ya rimu 15 inatoka 595. Kwa hiyo rimu inakuwa kubwa lakini gurudumu zima linabaki kimo kilekile, spidi mita haidanganyi, na pale juu chini ya fenda springi inabaki na nafasi yake ya kucheza. Gari imeshushwa sentimita 4, ndiyo, lakini kwa springi fupi za kununua, si hizi za kukatwa kwa msumeno. Na ikiwa chini hivyo hivyo, kwa rimu zake za chuma, haikuwahi kugusa popote hata tukijaa watano kwenda Mambrui.

Akasema sawa mzee, niachie gari. Jioni naikuta imevaa 195/65.

Namuuliza, ananijibu: "Zile hazipo, hizi ndizo zinazotoka, Toyota Premio nyingi zinavaa hizi. Na si zimeingia?" Zimeingia! Gari ikiwa imesimama, usukani umenyooka, hakuna mtu ndani, hata tairi ya pikapu inaweza kuingia. 195/65 ina kimo cha milimita 634. Ni milimita 40 zaidi, yaani 20 juu na 20 chini. Hizo 20 za juu amezitoa kwenye nafasi ya springi niliyokuwa nimeibakisha kwa hesabu. Nikakataa kuichukua, akaniapia kwamba amejaribu barabarani na haigusi, na kwamba 55 zikija tutabadilishana. Pesa alikuwa ameshapokea zote.

Haigusi, kumbe alizunguka mtaani peke yake. Siku nilipombeba mama watoto na wanangu kwenda Watamu, usukani ulianza kutetemeka mara tu nilipofika 80. Matuta ya Gede ndiyo yakamaliza kazi. Gari iliposhuka kwenye tuta nikasikia mkwaruzo mbele kushoto, mrefu, halafu harufu ya mpira ulioungua. Nikasimama pembeni. Ule ukingo wa ndani wa fenda, bati lililokunjwa, ulikuwa umenyoa bega la tairi kuzunguka pande zote. Vipande vya mpira vimejaa ndani ya madigadi na nyuzi za chuma ziko nje. Kwa mwendo wa 80 tairi hiyo ingepasuka na watoto wangu nyuma.

Sasa sikilizeni ya nati, maana hii ndiyo inayonikosesha usingizi. Nafungua gurudumu niweke spea, nati mbili hazitoki. Zinazunguka na stadi yake, ile skrubu ya kwenye hubu inayoshika rimu. Zilizotoka nikaziangalia: ni nati za Toyota, uzi wa 1.5, yaani milimita 1.5 kwa kila mzunguko. Stadi za Datsun ni milimita 12 uzi wa 1.25. Ukiweka kwa mkono, nati inakataa baada ya mizunguko michache, na hapo ndipo fundi mwenye akili anasimama. Kijana wake alizisukuma kwa mashine mpaka zikatafuna uzi wote. Na nyuma ya rimu wameweka spesa, bamba la kusogeza rimu nje, la milimita 10, kwa sababu rimu zilikuwa zinaingia ndani na kugusa shokomzoba (shock absorber), bila kubadilisha stadi ziwe ndefu. Nati ya stadi ya 12 inatakiwa ishike angalau milimita 12, karibu mizunguko kumi kwa uzi wa 1.25. Basi hata nati zingekuwa za sawa, hapo zisingefika nusu. Tundu la katikati la rimu ni milimita 73, hubu (kitovu cha gurudumu) haijai humo, na pete ya kuziba nafasi hiyo hakuweka. Gurudumu zima lilikuwa linaning'inia kwenye nati zilizotafunwa.

Nilipomrudia akacheka. Eti gari ya zamani ikishushwa lazima iguse, eti nitafute gari ya kisasa. Gari aina hii ndiyo dereva Shekhar Mehta alishinda nayo Safari Rally mwaka 1979 na 1980! Haikuharibiwa na mashimo ya nchi nzima, ije iharibiwe na tuta la Gede? Iliharibiwa na mtu aliyeweka mali iliyojaa stoo badala ya ile aliyolipwa alete.

Nataka pesa zangu za rimu na tairi zote nne, stadi mpya na gharama ya kunyoosha fenda. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara. Mahakama ya Madai Madogo inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na haya yangu hayafiki huko hata robo. Picha za nati, spesa na tairi ninazo, na ile karatasi niliyomwendea nayo, ambayo fundi mwenyewe aliandika "195/55" kwa mkono wake, ninayo pia.

Aliyefanyiwa hivi na duka la rimu hapa Malindi aandike hapa chini, hasa kama una risiti. Na mwenye kujua zinakopatikana stadi za Datsun za 12 kwa 1.25, Mombasa au Kilifi, aniambie leo. Zile mbili ilibidi zikatwe.