Naomba ushauri: baa ya kunyanyulia vyuma, ya bushi au ya beringi, kwa jimu ya nyumbani?
Wakuu habari zenu, naomba msaada kabla sijatupa hela. Benchi na pleti ninazo tayari, imebaki baa ya kilo 20 ndo nimekwama. Nnavyoelewa mimi ya beringi ncha zake zinazunguka chap, inawafaa wale wanaorusha chuma kutoka chini mpaka juu ya kichwa maana pleti zisipozunguka zinakupinda viwiko, ila mimi mazoezi yangu mengi ni skwoti, benchi na dedilifti (kunyanyua chuma kutoka chini mpaka usawa wa mapaja tu), hayo mengine nagusa mara moja moja (na fomu yenyewe mbovu, siwadanganyi). Bushi ya shaba (kipete tu ambacho ncha inazungukia, hakina gololi kama beringi) haina mambo mengi, matone mawili ya oili basi. Sasa nichukue tu bushi au ntajuta? Na mwenye beringi aniambie, zikianza kukwaruza unabadilisha mwenyewe?